Pikapu ya Zamani Inayozunguka Bila Kuwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mfumo wa Mafuta

Majibu haya yamewalenga wenye pikapu za miaka mingi, za petroli na za dizeli, ambazo stata huzizungusha vizuri lakini injini haishiki, au hushika baada ya kusumbua kwa muda mrefu. Mafuta ni msafiri anayetoka tangini kwenda silindani, na kazi ya kwanza ni kujua amekwama kituo gani. Kununua pampu kabla ya kukijua kituo hicho ni kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko kunakojaza magunia ya vifaa vizima vilivyotolewa bila kosa lolote.

Nitajuaje kwamba kasoro iko kwenye mafuta na si kwingineko?

Anza kwa kusikiliza. Stata ikibofya tu, au ikizungusha injini kwa kujikokota, uache mfumo wa mafuta kwanza upime betri. Betri yenye chaji kamili iliyopumzika husoma takribani volti 12.6, na ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inafanya kazi, basi yenyewe, au vichwa vyake vilivyoota ukungu, ndivyo vya kushughulikiwa. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa mlio mmoja ulionyooka usio na mapigo, shuku mkanda au mnyororo wa taimingi uliokatika, kwa sababu silinda zisizogandamiza hewa haziipi stata upinzani.

Mlio ukiwa wa kawaida, injini ya petroli inakubakizia mambo mawili ya kutenganisha, yaani cheche na mafuta. Piga stata kwa sekunde kumi hivi, kisha fungua plagi moja, uitazame na kuinusa. Plagi kavu isiyo na harufu inaonyesha kwamba petroli haijafika. Plagi iliyolowa inaonyesha kwamba imefika, na ama hakuna cheche ya kuiwasha, ama imefika kwa wingi kupita kiasi. Cheche ikaguliwe kwa kipimo chake maalumu kilichobanwa kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi uliyoitoa, maana kwenye tundu hilo hutoka mvuke wa petroli kila pistoni inapopanda.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa injini ya petroli ni dawa ya kuwashia yenye etha. Puliza kwa sekunde moja tu kwenye njia ya hewa, rudisha kifuniko cha chujio la hewa, ondoa uso wako hapo, ndipo mwenzako apige stata. Injini ikishika kwa sekunde mbili kisha ikazima, umeshajua kwamba cheche ipo, mgandamizo upo, taimingi si mbaya, na kinachokosekana ni mafuta. Usijaribu jambo hilo kwenye dizeli yenye plagi za kupasha joto, kwa kuwa etha ikikutana na ncha nyekundu ya plagi hulipuka kabla ya wakati wake, na injini inaweza kutoka hapo ikiwa na pistoni iliyopasuka.

Ni hatari zipi nijihadhari nazo kabla ya kufungua kitu?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea, bali hutambaa sakafuni, hutuama kwenye shimo la kukagulia magari, na unaweza kuufikia moto ulio mbali na gari. Fanya kazi mahali panapopitisha hewa, weka karibu kizima moto cha unga au cha povu, na tumia tochi ya LED badala ya balbu ya kioo, ambayo ikianguka na kupasuka huacha wazi waya wenye joto la kutosha kuwasha mvuke. Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa waya hasi wa betri, isipokuwa pale ambapo kipimo chenyewe kinahitaji umeme.

Mfumo wa injekta, yaani vali za umeme zinazopuliza petroli badala ya kabureta, hubaki na presha hata gari likiwa limezimwa tangu jana. Ishushe kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kupiga stata mara mbili tatu, kisha funika kiungo kwa kitambaa kinene unapokilegeza. Kwa upande wa dizeli, bomba zinazokwenda kwenye nozeli, yaani vipulizio vya dizeli silindani, hubeba presha inayozidi bar 100, na mchirizi mwembamba unaotoka kwenye ufa unaweza kupenya ngozi kama sindano. Kidonda chake huonekana kidogo na mara nyingi hakiumi mwanzoni, jambo linalowadanganya wengi. Mtu aliyepigwa na mchirizi wa namna hiyo apelekwe hospitali papo hapo, na uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja.

Geji inaonyesha robo tangi. Je, niiamini?

Hapana. Boya la geji hutoboka na kukwama, na pikapu ikiwa imeegeshwa mlimani hata mafuta yaliyopo huweza kuliacha bomba la kuvuta likinyonya hewa. Mimina lita kumi kabla ya kufungua spana yako ya kwanza. Zile pikapu za zamani zenye matangi mawili, kama Ford nyingi, zijaribiwe pia kwa tangi la pili, kwani likiwasha gari umeshajua kwamba kasoro iko nyuma ya swichi au vali ya kuchagulia tangi.

Pikapu yangu ina kabureta. Nianzie wapi?

Anzia juu, kwa macho. Injini ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, fungua kibati cha choki kwa kidole, mulika ndani ya koo la kabureta, kisha mwenzako akanyage akseleta mara moja hadi chini. Unapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli, au miwili kwa kabureta ya makoo mawili, ukiruka wima na kuloanisha ukuta wa koo. Mchirizi ukitoka, bakuli la kabureta lina mafuta na pampu ndogo ya akseleta inafanya kazi, kwa hiyo utafutaji uhamie kwenye choki au kwenye cheche. Usipotoka, ama bakuli ni tupu ama kiwambo, yaani utando wa mpira, wa pampu hiyo ndogo kimepasuka. Kabureta nyingi za Kijapani zina kidirisha cha kioo ubavuni kinachoonyesha kimo cha petroli, na kidirisha hicho kitakukatia shauri bila kufungua skrubu hata moja.

Bakuli likiwa tupu, rudi nyuma hatua moja. Mahali petroli inapoingilia kwenye kabureta pana wavu mdogo au kichujio kidogo ambacho wamiliki wengi hawajui kwamba kipo, na kutu ya tangi hukomea hapo. Nyuma yake ipo sindano inayofunguliwa na boya, ambayo gari lililokaa miezi mingi huiacha imeganda kwa utomvu wa petroli iliyokauka. Kugonga ubavu wa bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi mara nyingine huiachia. Ikiachia, usidhani umemaliza kazi, kwani utomvu ulioigandisha umejaa pia kwenye vitundu vyembamba vya ndani, na kabureta hiyo inadai kufunguliwa na kuoshwa.

Choki nayo ina sheria yake. Injini ikiwa baridi, kibati kiwe kimefunga baada ya akseleta kukanyagwa mara moja, na injini ikishashika kijifungue kidogo ili ipumue. Kibati kilichokwama wazi huifanya injini baridi ihangaike asubuhi nzima, na kilichokwama kimefunga huizamisha kwa petroli. Kabureta yenye solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme, ya kukata mafuta ya sailensa, yaani yale ya injini kuzunguka bila akseleta, inapaswa kutoa mbofyo mdogo ufunguo unapowashwa. Gari linaloshika likikanyagwa na kuzima mara mguu unapoondoka mara nyingi limepoteza mbofyo huo.

Neno moja la pembeni: pikapu ya kabureta iliyokaa wiki tatu bila kuguswa ikihitaji stata ndefu siku ya kwanza haina ugonjwa. Petroli ya bakulini imegeuka mvuke, na pampu inalijaza upya.

Pampu ya mafuta ya kimekanika hupimwaje?

Pampu hiyo imefungwa ubavuni mwa injini, na mkono wake husukumwa na kamshafti. Kata cheche kwanza, kwa kuchomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili, kisha chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta na uuelekeze kwenye chupa ya kukingia iliyo mbali na distribyuta. Mwenzako akipiga stata, petroli inapaswa kutoka kwa mapigo yenye nguvu, si kudondoka. Pampu nzima hutoa karibu nusu lita kwa sekunde 30, na geji ya presha husoma takribani psi 4 hadi 6.

Ikitoa kidogo, usiihukumu kabla ya kuinywesha kwenye chombo kingine. Chomoa mpira wa upande wa tangi, tumbukiza mpira mfupi mpya kwenye galoni ndogo ya petroli safi iliyowekwa jirani, na urudie kipimo. Ikivuta vizuri kutoka kwenye galoni, kosa liko tangini au njiani, na mara nyingi ni mpira uliopasuka nyufa upande wa kuvuta. Mpira wa namna hiyo haudondoshi tone hata moja, kwa sababu mahali pake hakuna presha bali mvuto, hivyo hunyonya hewa kimya kimya na kuifanya pampu nzima ionekane mbovu.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kiwambo cha pampu kikipasuka, petroli huweza kushukia kwenye oili ya injini. Oili inayonuka petroli na iliyozidi alama haifai kuendeshewa gari hata umbali mfupi, kwa kuwa haiwezi tena kulinda beringi.

Kuna harufu kali ya petroli na injini haishiki. Nimeizamisha?

Huenda. Kwenye kabureta, kanyaga akseleta hadi chini na uishikilie hapo bila kupampu, kwa sababu kila mkanyago unaongeza mchirizi mwingine, kisha piga stata kwa sekunde kumi. Kwenye magari mengi yenye injekta, akseleta iliyokanyagwa hadi mwisho wakati wa stata huiamrisha kompyuta ikate mafuta, kwa hiyo tendo ni lile lile ingawa sababu ni nyingine. Ikishindikana, toa plagi zote, zikaushe, na uache silinda zipumue. Kuzama kunakojirudia kila siku kunatokana na sindano ya boya isiyofunga, boya lililotoboka na kujaa petroli, injekta inayovuja au regeleta, yaani kidhibiti cha presha ya petroli, iliyopasuka kiwambo.

Pikapu yangu ina pampu ya umeme. Nikiwasha ufunguo sisikii mlio. Pampu imekufa?

Kimya si ushahidi wa kutosha. Magari mengi yenye injekta huiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi ufunguo unapofunguliwa, kisha huizima hadi stata ipigwe, na mlio huo mfupi husikika vizuri kupitia mdomo wa tangi. Lakini Toyota Hilux yenye injini ya 22R-E haina kawaida hiyo. Pampu yake huamshwa na stata, na baada ya hapo huendeshwa na hewa inayopita kwenye kipimo cha hewa, kwa hiyo mwenye Hilux anayengoja mlio wa ufunguo atangoja sana. Kwenye boksi lake dogo la uchunguzi lililo chini ya boneti, kuunganisha matundu ya Fp na +B kwa kipande cha waya huku ufunguo ukiwa umewashwa huilazimisha pampu izunguke, na hapo ndipo kimya kinapokuwa na maana.

Fuata umeme kwa mpangilio wa fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), waya, kisha pampu. Relei hupimwa kirahisi kwa kuibadilisha na nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye boksi la relei la gari hilo hilo. Pikapu nyingi za Ford zenye injekta zina swichi ya usalama inayokata pampu gari linapogongwa, na swichi hiyo huweza kuruka kwa mtikisiko wa shimo kubwa la barabarani. Imefichwa karibu na miguu ya abiria wa mbele, ina kitufe juu yake, na kukibonyeza kumewaokoa wengi na safari ya kuvutwa kwa kamba.

Pikapu nyingi za General Motors za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina tabia inayofaa kujulikana. Swichi ya presha ya oili imeunganishwa kama njia ya pili ya kuipa pampu umeme. Relei ikifa, mwenye gari hupiga stata ndefu, presha ya oili hupanda, swichi hufunga, na gari huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hivyo pikapu ya aina hiyo inayowaka kila mara baada ya stata ndefu, kisha ikaenda vizuri siku nzima, ianzwe kwenye relei ya pampu na waya zake.

Kuhusu waya, nina deni la kusimulia. Pikapu niliyokuwa nayo ilibadilishwa pampu mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili fundi alipima umeme kwenye plagi ya waya iliyochomolewa, akaona volti 12, akatamka kwamba umeme upo na pampu ndiyo mbovu. Mara ya tatu nilipima mwenyewe pampu ikiwa imeunganishwa na inajaribu kuzunguka, na mita ikasoma volti 7. Waya wa bodi, ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umefungwa kwa boliti nyuma ya bampa, na chini ya boliti hiyo palikuwa na unga wa kutu wa rangi ya matofali. Waya uliobakiwa na nyuzi chache, au uliokalia kutu, huonyesha volti zote pale usipobebeshwa kazi, kisha huzipoteza unapodaiwa mkondo. Ndiyo maana kipimo cha pampu iliyochomolewa hakifai kuitwa kipimo. Pima pampu ikiwa kazini. Ikikosa zaidi ya volti moja kulingana na betri, tafuta mahali inapopotelea, upande wa chanya na upande wa hasi kila mmoja peke yake.

Umeme ukiwa kamili na pampu imenyamaza, gonga tako la tangi kwa nyundo ya mpira mwenzako akipiga stata. Pampu iliyokwisha brashi mara nyingi huamka kwa kugongwa hivyo, na kuamka kwake ni hati yake ya kifo, maana itakuacha njiani wiki hii au ijayo.

Pampu inalia vizuri lakini injini haiwaki. Kwa nini?

Kwa sababu mlio si presha. Mpira unaounganisha pampu na bomba lake ndani ya tangi ukipasuka, pampu hulia kwa furaha huku ikirudisha petroli mle mle tangini. Hapa geji ya presha haina mbadala, na usomaji wake ulinganishwe na wa gari lako hasa. Mfumo wa injekta moja au mbili zilizo juu ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na akseleta), kama ule wa General Motors, hufanya kazi kwa psi 9 hadi 13. Mifumo mingi yenye injekta kwa kila silinda huhitaji kati ya psi 35 na 45. Injini za V6 na V8 za General Motors zilizoitwa Vortec, kuanzia 1996, zinadai psi 60 hivi, na psi 50, ambayo ingeliendesha gari jingine bila manung'uniko, huweza kuziacha zikizunguka tu.

Presha ikiwa chini, bana mpira wa kurudishia petroli tangini kwa nukta chache pampu ikifanya kazi. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu na regeleta ndiyo inayoachia. Isipopanda, tazama chujio, na ikiwa hujui lilibadilishwa lini, libadilishe bila mjadala. Chomoa pia mpira mwembamba wa mvuto wa hewa kwenye regeleta. Mpira huo unapaswa kuwa mkavu kabisa, na tone moja la petroli ndani yake ni kiwambo kilichopasuka.

Presha ikiwa sawa na plagi zikabaki kavu, injekta hazifunguliwi. Chomeka taa ndogo ya kupimia kwenye plagi ya waya ya injekta na upige stata. Ikimetameta, kompyuta inatoa amri na injekta zenyewe zimeziba au zimekufa. Isipometameta, mara nyingi kompyuta haipati taarifa ya mzunguko wa injini, na hapo umeshatoka kwenye mambo ya mafuta.

Asubuhi inawaka mara moja, lakini ikizimwa ikiwa na moto inasumbua. Na ile inayofanya kinyume?

Injini inapozimwa ikiwa na moto, joto lake hupanda kwa dakika kadhaa zinazofuata kwa kuwa maji na hewa vimesimama. Petroli ya bakulini mwa kabureta huchemka na kumwagikia ndani ya injini, au hugeuka mvuke kwenye bomba linalopita karibu na egzosi, na pampu ya kimekanika haiwezi kusukuma mvuke. Kagua kama ngao ya joto na kitako cha kuhami chini ya kabureta bado vipo, kwani mara nyingi hupotea gari linapotengenezwa. Kwenye mfumo wa injekta, acha geji ya presha imefungwa na uzime injini. Presha ikiporomoka ndani ya dakika chache, vali ya kuzuia kurudi iliyo ndani ya pampu, regeleta au injekta mojawapo inavuja, na petroli iliyobaki bombani hugeuka mvuke.

Kwa gari linalosumbua asubuhi na kutii mchana, kabureta ianzwe kwenye choki, na injekta zianzwe kwenye kihisi cha joto la maji, ambacho kikiidanganya kompyuta kwamba injini ina moto huinyima mafuta ya ziada ya kuwashia. Injini ya 22R-E ina injekta ya pekee ya baridi pamoja na swichi yake ya muda, nazo zipimwe.

Petroli iliyokaa au yenye maji itanitambulishaje?

Chukua chupa safi ya kioo, kinga petroli kutoka kwenye bomba kabla ya chujio, iache dakika kumi, kisha uishike mbele ya mwanga. Petroli nzuri ni angavu. Maji hutulia chini na kuweka mstari ulio wazi kama wa samli juu ya mchuzi, na kutu hulala sakafuni kama vumbi la kahawia. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hunywa unyevu hadi ikashiba, kisha ethanoli na maji hujitenga pamoja na kuzama, mahali hasa bomba la kuvuta linapochukulia. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazowaka injini ikiwa baridi, na hunuka kama rangi ya mafuta. Tangi lenye uchafu huo limwagwe na kuoshwa. Kubadilisha chujio peke yake ni kulipa chujio jipya uchafu wa zamani.

Ufunguzi wa kifuniko cha tangi nao usikilizwe. Mfyonzo mkubwa wa hewa kuingia ndani unaonyesha kwamba tundu la kupumulia limeziba na pampu inapigana na tangi.

Na dizeli? Haina plagi za cheche za kutazama.

Tazama egzosi. Ukipiga stata na moshi mweupe au wa kijivu ukatoka, dizeli inafika silindani lakini haiwaki, na lawama ziende kwenye joto au mgandamizo. Egzosi isiyotoa moshi wowote inakuambia kwamba hakuna kinachopulizwa.

Kosa la kawaida kuliko yote katika dizeli ya zamani ni hewa. Mfumo wa dizeli hautaki hata kiputo, kwa kuwa pampu ya nozeli huishia kuibana hewa badala ya kusukuma dizeli. Gari linalowaka vizuri jioni na kusumbua asubuhi limerudisha dizeli tangini usiku kucha kupitia upenyo mdogo. Liegeshe usiku mmoja pua ikiwa chini ya mteremko, tangi likiwa juu kuliko injini. Likiwaka kirahisi asubuhi hiyo, shaka imeisha, kilichobaki ni kutafuta upenyo. Badilisha kwa muda mpira wa kuingilia kwenye pampu ya nozeli na mpira unaoonyesha ndani, kisha utazame viputo vinavyopita. Vikionekana, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Kwa uzoefu wangu, wa kwanza kuhojiwa awe pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, ambayo kiwambo chake cha mpira huzeeka kabla ya vitu vingine.

Kutoa hewa hufuata njia ya mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, pampu kwa mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kisha kaza ukiwa bado unabonyeza. Injini isiposhika, legeza nati za bomba za nozeli nusu mzunguko, piga stata mpaka kila moja itoe mate ya dizeli, na uzikaze. Mikono ikae mbali wakati huo. Kizibo cha chini cha chujio nacho kilegezwe, kwa kuwa maji ya dizeli hukusanyika hapo.

Mafuta yakifika kwenye pampu ya nozeli bila kutoka, chunguza solenoidi ya kuzimia, ile yenye waya mmoja juu au nyuma ya pampu. Ufunguo ukiwa umewashwa, chomoa waya huo na uuguse tena. Mbofyo usiposikika na waya una volti 12, solenoidi imekufa. Waya usipokuwa na umeme, fyuzi au swichi ya ufunguo ndiyo ya kufuatwa. Pampu ya nozeli yenyewe isifunguliwe nyumbani, maana vipimo vyake vya ndani hurudishwa kwenye meza maalumu ya kupimia.

Nitathibitishaje kwamba imepona?

Iwashe mara tatu kwa nyakati tofauti: asubuhi kabla jua halijaipasha injini, dakika 20 baada ya safari ndefu, na baada ya kulala usiku mzima tangi likiwa na mafuta kidogo, kwa kuwa tangi lililojaa huficha mpira unaonyonya hewa. Mipira uliyoweka kwenye mfumo wa injekta iwe ya daraja la presha kubwa, yenye alama ya SAE J30R9, si ile ya kabureta ya J30R7, hata kama inaingia vizuri. Funga kitambaa cheupe kwenye kila kiungo ulichokigusa, endesha, uegeshe, na ukifungue asubuhi inayofuata kabla ya kuwasha gari. Kikiwa kikavu na hakina harufu, kiungo hicho kimefunga.